Mswaki wa mzee uko wapi?

Juma hili napenda tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu hatulifikirii, nalo ni usafi wa vinywa vya wazee wanaotunzwa katika makazi ya wazee, kama yale ya Nunge huko Kigamboni, Dar es Salaam.

Kila sikukuu inapokaribia, watu wa heri hupeleka misaada kwenye makazi hayo: mchele, sukari, mafuta ya kula, sabuni na mablanketi. Ni jambo jema, na Mwenyezi Mungu awalipe. Ila ni nadra kuona katika misaada hiyo boksi la miswaki na dawa ya meno. Ni kana kwamba tumekwisha kukubaliana kuwa mzee hana meno, na asiye na meno hana cha kusafisha.

Fikra hiyo si sahihi. Mzee aliyebakiwa na meno 5 anayahitaji kuliko kijana mwenye meno 32. Fizi zake zimeshuka na mizizi ya meno iko wazi. Aidha, dawa nyingi wanazotumia wazee, zikiwemo baadhi za shinikizo la damu, hukausha mate. Mate ndiyo mlinzi wa kinywa. Yakipungua, meno huoza upesi na chakula hakimezeki vizuri. Hata asiye na jino hata moja, ulimi wake na meno yake ya bandia hukusanya utando wenye vijidudu.

Hapo ndipo penye hatari. Mzee aliyepooza au kudhoofika humeza kwa shida, na mate yenye vijidudu huweza kuteremka mapafuni na kuleta nimonia, ugonjwa unaoua wazee wengi. Huko Japani, wataalamu waliwafuatilia wazee wa makazi 11 kwa miaka miwili, na matokeo yakachapishwa mwaka 2002. Miongoni mwa waliosafishwa vinywa na walezi kila baada ya mlo, 11 katika kila 100 walipata nimonia. Miongoni mwa wengine walikuwa 19.

Ni kweli kwamba utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2015 haukuonyesha nafuu ya namna hiyo, hivyo siapi kwamba mswaki peke yake utazuia nimonia. Lakini maumivu hayangoji utafiti. Mzee anayeumwa jino hali, na asiyekula hudhoofika. Yule aliyepoteza kumbukumbu hawezi kueleza anaumwa wapi. Hukataa chakula tu, nasi tukasema amekuwa mkaidi.

Sasa tufanye nini? Kwanza, kusafisha kinywa kuandikwe katika ratiba ya mlezi kama zilivyoandikwa dawa: mara mbili kwa siku, mzee akiwa ameketi wima, kwa mswaki laini na dawa yenye floraidi. Meno ya bandia yavuliwe usiku, yasuguliwe na kulowekwa katika maji safi yasiyo ya moto, maana moto huyapinda. Kila seti iwe na alama ya mwenyewe, yasije yakachanganyika.

Najua walezi ni wachache na kazi ni nyingi. Ndiyo maana wanaopanga bajeti wanapaswa kuongeza mikono, si kuongeza maagizo. Pili, daktari wa meno awafuate wazee huko huko waliko, kwani asiyeweza kutembea hawezi kupanga foleni hospitalini. Tatu, nasi tunapokwenda kuwajulia hali, tubebe na miswaki.

Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo. Tuyatunze yaliyobaki kabla hatujatafuta ya kuziba. Siku utakapomwamkia babu au bibi, akiisha kuitikia marahaba, mwulize kwa adabu mswaki wake uko wapi. Jibu atakalokupa litakueleza mengi kuhusu jinsi anavyotunzwa.