Viazi vya Gairo na Soko la Simu

Basi linaposimama Gairo, biashara hufanyika kwa macho na mikono. Abiria anaviona viazi vitamu, anavishika, anapatana bei, analipa, na safari inaendelea. Mji huu uko kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Dodoma, karibu katikati ya Morogoro na Dodoma, na viazi vyake vimepata jina kupitia madirisha ya mabasi. Lakini tangu Julai 2024 msafiri wa Dodoma anaweza kupanda treni ya umeme, na reli yake inapita Kilosa, haifiki Gairo. Muuzaji aliyezoea kumngoja mpita njia sasa ana kila sababu ya kumfuata mteja huko aliko, na chombo kilicho karibu naye zaidi ni simu.

Hata hivyo, mteja wa kwanza wa mtandaoni anapatikana palepale barabarani. Abiria aliyenunua ndoo ya viazi akaridhika aondoke na namba ya muuzaji, naye akikubali, aache yake. Picha za WhatsApp zinazodumu saa 24, zile ziitwazo statasi, kwa kawaida huonekana kwa watu waliohifadhiana namba. Bila namba hizo, muuzaji atapiga picha nzuri kila siku na atazitazama peke yake. Tangazo la kulipia kwenye Instagram au Facebook linaweza kusubiri mpaka mzigo uwe wa uhakika na awepo mtu wa kujibu maswali ya wateja kwa wakati.

Programu ya WhatsApp Business, iliyoanza mwaka 2018, inapakuliwa bure. Humpa muuzaji katalogi ya bidhaa na bei zake, nafasi ya kuandika saa za kazi na mahali alipo, na salamu inayojituma yenyewe mteja anapoandika. Ikiwekwa kwenye laini ya biashara pekee, oda hazipotei katikati ya ujumbe wa ndugu na jamaa.

Katika soko hili picha inashika nafasi ya jicho na mkono wa mnunuzi, kwa hiyo ni lazima iwe ya kweli. Ipigwe mchana, siku viazi vilipochimbwa, na ionyeshe mzigo uleule utakaotumwa. Kiazi kitamu kilichochubuliwa na jembe huoza upesi, hivyo uchambuzi ufanyike kabla ya picha. Picha iliyochukuliwa kwa muuzaji mwingine inaweza kuleta oda moja, lakini mteja akifungua gunia na kukuta kitu tofauti, harudi tena.

Baada ya picha, kinachofuata ni kipimo na bei. Mtu aliye Kimara, Dar es Salaam, hawezi kujua ndoo ya Gairo inajaa kiasi gani, lakini kilo anaijua. Mizani humlinda mnunuzi, na humlinda mkulima pia, kwa sababu lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, imewanyonya wakulima kwa miaka mingi ingawa imepigwa marufuku na gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100. Bei iandikwe wazi chini ya picha, na gharama ya usafiri itajwe peke yake. Mazoea ya kumtaka mteja aulize bei faragha humfanya adhani kwamba kila mtu anatajiwa bei yake, na wengi huondoka bila kuuliza.

Kwa malipo, namba ya biashara, ile iitwayo Lipa Namba, ina faida kubwa: mlipaji huona jina la biashara kabla ya kuthibitisha. Muuzaji naye asitoe mzigo kwa kuoneshwa ujumbe wa malipo tu, kwa kuwa matapeli hughushi ujumbe huo. Aangalie salio lake kwanza. Ujumbe wa kitapeli huripotiwa kwa kuutuma kwenda 15040, namba iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano kwa kazi hiyo.

Mzigo husafiri kwa mabasi yaleyale yanayopita Gairo kuelekea kituo cha Magufuli, Mbezi, Dar es Salaam. Gunia liandikwe jina na namba ya mpokeaji, na picha ya risiti ya mzigo pamoja na namba ya basi zitumwe kwa mteja kabla basi halijafika Morogoro. Mteja na muuzaji wakubaliane mapema ni nani atabeba hasara viazi vikiharibika njiani. Muuzaji anayefidia kilo chache zilizooza bila mabishano anajenga jina ambalo tangazo haliwezi kulinunua.

Sheria nayo ina sehemu yake. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka anayeuza kwa njia hii ajitambulishe kwa mnunuzi, na inazuia kumtumia mtu matangazo ya biashara bila ridhaa yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda namba za wateja, hivyo orodha hiyo haiuzwi wala haigawiwi ovyo. Kuwaingiza watu kwenye kundi la WhatsApp bila kuwauliza ni kosa la adabu kabla ya kuwa kosa la sheria.

Mwisho ni kumbukumbu. Daftari moja linatosha: nani alinunua, kilo ngapi, alilipa lini, mzigo ulifika katika hali gani, na alipataje habari za biashara. Kila mwisho wa mwezi daftari hilo huonyesha ni wangapi wamenunua mara ya pili. Idadi ya waliotazama picha hupanda na kushuka bila kuleta shilingi, lakini idadi ya waliorudi ndiyo inayomwambia mkulima wa Gairo alime kiasi gani msimu ujao.