Kicheko kinachofunga kinywa



Somo letu ni Mathayo sura ya 27, pale askari wanapomvua nguo mfungwa, wanamvika joho na kumcheka. Mfungwa huyo ni Bwana wetu. Kwa askari wale ulikuwa mchezo.

Mwaka 2015 ilitoka Marekani sinema ya kuchekesha, Get Hard. Tajiri mmoja, anayechezwa na Will Ferrell, anahukumiwa miaka 10 katika gereza la San Quentin. Hofu yake kubwa ni kubakwa na wafungwa wenzake, na juu ya hofu hiyo sinema inajenga kicheko. Mzaha huo umerudiwa katika sinema nyingi za huko, nasi tunaziona kwenye telefone zetu.

Lakini katika Marekani hiyo hiyo, mwaka 2003, bunge lilipitisha kwa kauli moja sheria ya kukomesha ubakaji magerezani. Ndani yake imeandikwa kwamba, kwa makadirio ya wataalamu, wafungwa wasiopungua 13 kwa 100 walikuwa wametendewa ubaya huo.

Mzaha huu unafundisha uongo mara mbili. Kwanza, kwamba mkosaji anastahili. Hapana: hakimu anatoa miaka, hatoi ubakaji. Pili, kwamba mwanaume habakwi. Hata sheria yetu ya Kongo ya tarehe 20 Julai 2006 inamlinda mwanaume pamoja na mwanamke.

Wababa na wamama, fikirini kijana aliyetoka gerezani, ameketi kati ya ndugu zake. Sinema inafika pale, nyumba nzima inacheka. Naye anacheka, ili asijulikane. Usiku ule anaamua kwamba hatasema kamwe. Aliyemfunga kinywa si yule aliyembaka peke yake.

Basi juma hili, mzaha huo ukifika, tusicheke, na tuwaeleze watoto sababu. Tukienda gerezani, tusipeleke sabuni na unga tu, tupeleke na sikio. Mtu akitufungulia siri hiyo, tusimuulize mbona hakupigana. Tumsindikize hospitali, na kama ni jambo la karibuni, afike kabla ya saa 72 kupita, maana dawa ya kuzuia SIDA ina muda wake.

Bwana wetu alivuliwa nguo mbele ya watu wanaocheka. Sisi tulio wake tusisimame upande wao.

Amina.