Kijana Akienda Kufundisha Mazoezi Jimu: Kikundi Kiulize Nini Kabla ya Kumkopesha?

Hotuba kwa vikundi vya kujisaidia, Kitui na Makueni



Leo tumekuja kuzungumza juu ya kazi ambayo zamani haikutajwa katika mikutano yetu. Tulizoea kuombwa mkopo wa mbuzi, wa mbegu, wa cherehani au wa pikipiki. Siku hizi kijana anasimama na kusema: "Naomba mnisaidie karo. Nataka kusomea ualimu wa mazoezi ya mwili, nikafanye kazi jimu Nairobi." Wengine wanacheka, wengine wananyamaza. Tusicheke wala tusinyamaze, kwa sababu pesa anazoomba ni jasho la kikundi kizima.

Kwanza tuielewe kazi yenyewe. Akina mama wanatuuliza: mtu anawezaje kulipa pesa ili anyanyue vyuma, na sisi tunabeba maji bure? Swali ni zuri. Mtungi wa lita 20 ukijaa maji ni zaidi ya kilo 20. Mama anaubeba mgongoni kutoka mtoni, halafu anaenda kuchimba matuta na wenzake wa mwethya. Lakini mtu wa ofisi anakaa kitini tangu asubuhi hadi jioni, anapanda gari, akifika nyumbani anakaa tena. Sukari na presha zinamwandama. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linasema mtu mzima anahitaji angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki, na mazoezi ya kutia misuli nguvu angalau siku mbili. Mtu huyo hayapati kazini, kwa hivyo anayatafuta kwa pesa.

Hapo ndipo kijana wetu anapoingia. Lakini tusidhani kazi yake ni kuonyesha kifua na mikono mikubwa. Marehemu Benson Masya wa Kitui aliacha ngumi akageukia riadha, na mwaka 1992 akashinda mbio za dunia za nusu marathoni kule Uingereza. Yeye alilipwa kwa miguu yake mwenyewe. Mwalimu wa jimu analipwa kwa kuutunza mwili wa mtu mwingine. Ni lazima amuulize mteja: una ugonjwa gani, unakunywa dawa gani, uliwahi kuumia wapi? Ndipo achague uzito, auangalie mgongo na magoti, na aongeze kidogo kidogo. Asipouliza, mtu wa presha anaweza kuanguka hapo hapo mbele yake. Basi kitu anachouza ni maarifa, na maarifa yanasomewa.

Sasa, kabla ya kutoa pesa, kikundi kiulize maswali matatu.

Swali la kwanza: chuo ni kipi? Vyuo vya ufundi hapa Kenya husajiliwa na mamlaka inayoitwa TVETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013. Mwombaji alete jina la chuo, na mtu mmoja wa kamati ahakikishe kama kimesajiliwa. Tuulize pia: watafundishwa huduma ya kwanza? Watafanya mazoezi ya kazi na watu halisi, au watasoma karatasi tu? Na karo ilipwe kwa akaunti ya chuo. Isipitie mfuko wa mtu.

Swali la pili: atalipwa namna gani? Hapa vijana wengi hawaelewi mpaka wafike huko. Kuna jimu inayolipa mshahara wa mwezi. Kuna inayolipa mshahara mdogo na komisheni. Na kuna ile isiyolipa kitu ila saa anazofundisha. Tufanye hesabu kidogo. Tuseme analipwa shilingi 400 kwa saa moja na mteja mmoja. Akiwa na wateja wanne kwa siku, kwa siku sita, anapata shilingi 9,600 kwa wiki. Wawili wakiacha, anabaki na 4,800. Kodi ya nyumba haipungui. Na wateja huja alfajiri kabla ya kazi, kisha jioni baada ya kazi. Katikati ya siku hakuna mtu. Anayeishi mbali kwa sababu ya kodi atalipa nauli mara mbili, au atakaa pale mchana kutwa bila kulipwa. Mwaka 2020, wakati wa Korona, jimu zilipofungwa, aliyetegemea saa tu alibaki mikono mitupu.

Swali la tatu: ameandikiwa nini? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema kazi ya kuajiriwa ya miezi mitatu au zaidi iwe na mkataba ulioandikwa, na ni mwajiri anayepaswa kuuandaa. Mwajiriwa ana haki ya siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na baada ya mwaka mmoja, likizo ya siku 21 za kazi yenye malipo. Sheria nyingine ya mwaka huo huo, ya fidia ya majeraha kazini, inamtaka mwajiri awakatie wafanyakazi wake bima. Jambo hili ni kubwa, jamani. Mwalimu wa jimu akiumia mgongo, ni kama fundi aliyevunjikiwa na cherehani. Basi asome kabla ya kutia sahihi. Akiambiwa yeye "anajitegemea", aelewe maana yake: likizo, NSSF na bima ya afya ya SHIF, iliyochukua nafasi ya NHIF mwaka 2024, atavishughulikia mwenyewe. Akiona anaitwa hivyo lakini anapangiwa kila kitu kama mwajiriwa, aende kwa afisa wa kazi wa serikali akaulize.

Je, tunasema msiwakopeshe? Hapana. Kazi ni halali na wanaoihitaji wapo. Tunasema mkopo ufuate kazi ilivyo. Marejesho yasianze mwezi wa kwanza, maana wateja hawapatikani kwa siku moja. Yaandikwe, wadhamini wawili watie sahihi, na mzazi ajue.

Mwisho, tumwombe kijana huyo jambo moja. Akija likizo, atufundishe. Wangapi hapa wanaumwa na kiuno kwa sababu ya kuinua mtungi wakiwa wameinama? Atuonyeshe kukunja magoti, kuuweka mzigo karibu na mwili, na kunyanyuka kwa nguvu za miguu. Huko mjini watu wanalipia somo hilo kwa saa. Kikundi kilichomsomesha kina haki ya kulipata.

Katika mkutano wenu ujao, yasomeni maswali haya matatu kwa sauti, na majibu ya kila mwombaji yaandikwe katika kitabu cha kikundi.