Figo Mpya, Dawa za Kila Siku

Msikilizaji wa Murang'a, Kangema au Maragua, ukishapandikizwa figo, dawa za kuzuia mwili kuikataa humezwa kila siku. Ni ghali, tena sana. Lakini tafadhali usiruke dozi ili vidonge vifike mwisho wa mwezi: figo ikikataliwa, unaweza kurudi kwenye mashine ya kusafisha damu. Mojawapo ya dawa hizo ni tacrolimus: muulize daktari kuhusu ile ya jeneriki, ambayo huwa nafuu. Ukibadilishiwa kampuni inayoitengeneza, kiwango cha tacrolimus kwenye damu kipimwe upya, asubuhi kabla hujameza dozi. Balungi usile, hupandisha kiwango hicho. Kuhusu gharama, tangu Oktoba 2024 bima ya afya ya serikali ni SHA, si NHIF tena: hakikisha umesajiliwa na michango imelipwa. Vidonge vikipungua, pigia kliniki simu mapema.