Takwimu na Haki ya Mabinti Zetu



Katika kuwatetea mabinti wa Tarime na Serengeti dhidi ya ukeketaji, tunapeleka takwimu mbele ya madiwani na wakuu wa wilaya. Ni vema. Lakini kabla ya kuitaja takwimu yoyote, yatupasa kuuliza maswali matatu.

Kwanza, amehesabiwa nani? Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa asilimia 32 ya wanawake wa Mara wamekeketwa. Ule wa mwaka 2022 ulionyesha asilimia 28. Hao ni wanawake wa miaka 15 hadi 49. Mama aliyekeketwa mwaka 1990 yumo. Mtoto aliyekeketwa akiwa na miaka 10, naye hajafikisha 15, hayumo. Kwa hiyo asilimia 28 si hesabu ya mabinti wa msimu huu.

Pili, ni wapi? Sensa ya mwaka 2002 iliihesabia Tarime watu zaidi ya 490,000. Ya mwaka 2012, karibu 340,000. Watu hawakutoweka: mwaka 2007 Rorya ilimegwa ikawa wilaya. Wajaluo, walio wengi huko, hawana desturi ya kukeketa. Basi ukilinganisha Tarime ya kale na ya sasa, kiwango chaweza kuonekana kimepanda pasipo binti hata mmoja kuongezeka. Wastani wa mkoa nao huchanganya makabila yenye desturi hiyo na yasiyo nayo, ukaficha mzigo wa vijiji vyetu.

Tatu, ni jambo gani? Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 humlinda aliye chini ya miaka 18. Mke wa miaka 19 anayeshurutishwa na wakwe haonekani katika kesi hizo. Tena, aliyetoroka usiku na aliyeletwa kambini na wazazi wote huweza kuitwa “waliookolewa”. Tukiwatenga mwaka huu na kuwajumlisha mwaka ujao, tutashangilia ongezeko lisilokuwapo.

Mpinzani akigundua kosa moja katika barua yetu, ataikataa barua yote, na binti atabaki bila mtetezi. Kwa hiyo, kando ya kila takwimu andikeni: nani, wapi, mwaka gani, kwa maana ipi. Amri ya nane yatubana hata tunapotetea jambo jema. Wala hatuhitaji kutia chumvi: binti mmoja anayekeketwa ni sababu ya kutosha ya kusimama.