Jina la Kifaa Si Kifaa: Kuifufua Kompyuta ya Zamani kwa Ajili ya Michezo



Mada yetu ya leo ni kompyuta ya zamani, kijana anayetamani kuitumia kwa michezo, na mfuko wa nyumba usio na kitu cha kupoteza. Huenda wapo watakaoiona mada hii kuwa ndogo mbele ya bei ya unga na ada ya shule. Lakini fedha inayonunua kadi ya kompyuta hutoka katika mfuko uleule unaonunua unga, na kijana aliyeweka akiba kwa miezi sita kisha akauziwa kifaa bandia amepoteza miezi sita ya maisha yake. Hilo si jambo dogo.

Tunalo neno moja kuu la kuwaambia, na mengine yote yatakuwa matawi yake: jina lililoandikwa juu ya kifaa si kifaa chenyewe. Mlaji asinunue jina. Apime kile alicho nacho, ajue kinachopungua, kisha anunue hicho tu.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho. Dell OptiPlex 7010 ni kompyuta ya mezani iliyotengenezwa kwa ajili ya ofisi. Kompyuta za namna hii, zikishaondolewa maofisini, huuzwa upya kama mitumba. Yetu ina prosesa ya Intel Core i5-3470 ya mwaka 2012, RAM ya GB 4, diski ya kawaida ya kuzunguka, na haina kadi ya michoro ya peke yake.

Sasa tazameni jinsi jina linavyoweza kumpoteza mtu. Mwaka 2023 kampuni hiyohiyo ilitoa kompyuta nyingine na kuipa jina lilelile, OptiPlex 7010, ambayo ndani yake mna prosesa za Intel za kizazi cha 13. Kati ya mashine hizo mbili ipo miaka zaidi ya kumi, ilhali tangazo la mstari mmoja linaweza kuzitaja kwa maneno yaleyale. Vivyo hivyo, Core i5 ni jina la ukoo, si jina la mtu. Core i5-3470 ni ya kizazi cha 3 na ina viini vinne. Core i5-8400 ni ya kizazi cha 8 na ina viini sita. Muuzaji akikwambia, “Hii ni Core i5,” hajakudanganya, lakini pia hajakuambia kitu. Mwombe akusomee tarakimu zote.

Mfano wa tatu ndio unaouma zaidi. Kadi ya michoro ya NVIDIA GT 1030 ilitoka mwaka 2017 ikiwa na kumbukumbu ya aina ya GDDR5, yenye uwezo wa kupitisha takriban GB 48 kwa sekunde. Mwaka uliofuata ikatoka nyingine yenye jina lilelile, ila kumbukumbu yake ni ya DDR4, na hiyo hupitisha takriban GB 17 tu, yaani karibu theluthi moja. Anayetazama jina peke yake anaweza kuilipia ya pili bei ya ile ya kwanza, kisha akalaumu kompyuta yake bila kosa.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda dukani, tuihoji kompyuta yenyewe. Tuanze na yale yasiyogharimu kitu, au yanayogharimu kidogo sana. Izime, uichomoe kwenye umeme, uifungue, na usafishe vumbi kwenye feni na mapezi ya kupozea prosesa. Katika miji yetu yenye joto na vumbi, prosesa iliyozibwa hupata moto, na ikipata moto hujipunguzia kasi ili isiungue. Mwombe fundi abadilishe krimu ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa. Zuia programu zisizohitajika zisijiwashe zenyewe. Katika mipangilio ya mchezo, punguza vivuli na mapambo. Kisha cheza tena. Wapo watakaogundua kwamba hawahitaji kununua chochote.

Ikiwa bado mchezo unakwama, tafuta panapobana. Maji hayatoki mtungini kwa upana wa tumbo lake, bali kwa upana wa mdomo. Katika Windows, bonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja wakati mchezo unaendelea. Litafunguka dirisha linaloonyesha matumizi ya prosesa, RAM na diski. RAM ikiwa imejaa na diski inafanya kazi kwa asilimia 100, basi RAM haitoshi. Kisha fanya jaribio la pili: shusha ukubwa wa picha ya mchezo kutoka nukta 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720. Kasi ikiongezeka sana, anayelemewa ni upande wa michoro, na kadi bora itasaidia. Kasi ikibaki palepale, yaelekea anayelemewa ni prosesa, na kadi ya bei kubwa haitamwokoa. Jaribio hili ni la dakika tano, nalo laweza kukuokolea akiba yote.

Tulinganishe pia na mahitaji yanayotangazwa na watengenezaji wa mchezo wenyewe. Mchezo wa Grand Theft Auto V ulipofika kwenye kompyuta mwaka 2015, orodha ya mahitaji yaliyopendekezwa ilitaja Core i5-3470, RAM ya GB 8 na kadi ya GTX 660 yenye GB 2. Prosesa hiyo ndiyo hasa tuliyo nayo katika mfano wetu! Kijana anayetaka mchezo huo hana haja ya kompyuta nyingine. Anahitaji RAM na kadi, basi.

Tuje kwenye manunuzi, na tuyapange kwa zamu.

La kwanza ni RAM. Kwa mashine yenye GB 4, lengo liwe GB 8. Kompyuta hii hutumia aina ya DDR3. DDR4 haiingii kwenye tundu lake, hata muuzaji akisema inalingana. Kama matundu yapo, vipande viwili vya GB 4 vilivyofanana hufanya kazi kwa kasi kuliko kimoja cha GB 8, na tofauti huonekana zaidi pale ambapo hakuna kadi ya michoro, kwa kuwa michoro nayo huazima RAM hiyohiyo.

La pili ni kadi ya michoro, na hapa umeme ndio unaotoa amri. OptiPlex 7010 yenye umbo la mnara ina pawa saplai ya wati 275. Ile nyembamba ina wati 240. Na ile ndogo kabisa haina nafasi ya kuweka kadi ya namna hii. GTX 660 iliyotajwa hutumia wati 140 na hudai waya wake wa ziada wa umeme, kwa hiyo haifai hapa. GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 hutumia takriban wati 75, ambazo tundu la ubao mama linaweza kuzitoa, na kwa kazi haizidiwi na GTX 660. Chagua toleo lisilo na waya wa ziada, na pima urefu na kimo cha kasha kwa rula kabla ya kulipa, maana kasha jembamba linahitaji kadi fupi kwa kimo.

Jihadharini na ushauri wa kutumia kigeuzi kinachochukua umeme kutoka waya wa diski na kuulisha kadi kubwa. Kiunganishi cha diski kimekusudiwa kubeba takriban wati 54 kwenye volti 12, ilhali kile cha kadi cha pini sita hudai hadi wati 75. Kinachozidi hapo hugeuka kuwa joto, na joto huyeyusha plastiki. Hakuna mchezo unaostahili moto ndani ya nyumba wanamolala watoto.

La tatu ni SSD. Kifaa hiki hufanya kompyuta iwake upesi na mchezo ufunguke upesi, na watumiaji wote wa nyumbani wataifurahia. Lakini kwa kawaida hakiongezi idadi ya fremu kwa sekunde mchezo ukishaanza. Anayekuuzia SSD kwa ahadi kwamba picha zitakuwa laini zaidi anakuuzia kisichokuwamo. Vilevile, kadi mpya haiponyi intaneti ya polepole. Ikiwa tatizo ni kuchelewa kwa mawasiliano mnapocheza na wengine mtandaoni, dawa yake haimo ndani ya kasha la kompyuta.

Sasa tuingie dukani. Zipo kadi bandia zinazotengenezwa kwa kuchukua chipu kuukuu, kama za GTS 450 na GTX 550 Ti, na kubadilisha programu yake ya ndani ili ijitambulishe kuwa GTX 1050 Ti. Kompyuta itasoma jina jipya, nawe utaamini. Ndiyo maana tulisema jina si kifaa. Dai kadi iwekwe kwenye kompyuta mbele yako. Tumia programu ya bure iitwayo GPU-Z, ambayo tangu mwaka 2018 imekuwa na uwezo wa kutambua kadi nyingi za namna hiyo. Tazama na matundu: chipu ya GTX 1050 Ti yenyewe haitoi mawimbi ya VGA, hivyo kadi yenye tundu la VGA itilie shaka. Kisha endesha mchezo mzito kwa nusu saa. Kadi iliyochoka itapiga kelele, itachora mistari isiyokuwapo, au itazima. Kwa SSD, programu ya bure ya H2testw huandika data mpaka kifaa kijae na kuisoma tena, nayo hufichua kifaa kinachojiita GB 480 ilhali uwezo wake halisi ni mdogo kuliko huo.

Muuzaji mwaminifu hatachukia vipimo hivi. Vinamlinda na yeye. Akikataa kata kata, umekwisha kupata jibu lako bila kulipa hata shilingi.

Ukiridhika, dai risiti ya EFD, na uombe muuzaji aandike na kugonga muhuri: jina kamili la kifaa, aina na ukubwa wa kumbukumbu, namba yake, kama ni kipya au kilichotumika, na siku za dhamana. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. “GT 1030” peke yake kwenye karatasi haitakusaidia. “GT 1030, GDDR5, GB 2” itakusaidia. Sheria ya Ushindani Namba 8 ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha au kuhadaa katika biashara. Bango la “mali ikishauzwa hairudishwi” halimpi mtu ruhusa ya kuuza kitu kwa jina la kingine. Ukigundua udanganyifu, usifungue wala kutengeneza kifaa. Piga picha za matokeo ya vipimo, rudi kwa muuzaji na karatasi yako, na akikataa kukusikiliza peleka malalamiko yako Tume ya Ushindani.

Limebaki jambo moja, nalo ni gumu kulisema mbele ya kijana mwenye hamu: wakati mwingine uamuzi wa busara ni kutonunua. Prosesa ya mfano wetu haina amri za AVX2, ambazo ziliingia katika kizazi cha 4 cha Intel, na baadhi ya michezo ya karibuni haifunguki bila hizo, hata ukiongeza RAM ya namna gani. Windows 11 nayo rasmi inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au zaidi, pamoja na TPM 2.0, na Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya bure ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mchezo wa Valorant, kwa mfano, ukiwa kwenye Windows 11 hudai TPM 2.0. Ikiwa mchezo unaoutamani uko upande ule wa mto, usitupe fedha mtoni.

Kwa hiyo tunashauri kila kaya iweke kikomo kabla ya kutoka nyumbani. Jumlisha bei za vifaa vyote unavyokusudia, ongeza malipo ya fundi, kisha uliza bei ya kompyuta nyingine iliyotumika yenye prosesa ya kizazi cha 8 au zaidi. Jumla yako ikivuka nusu ya bei hiyo, simama. Endelea kuweka akiba, na utumie uliyo nayo kwa michezo inayoiweza. Na ukiamua kununua, chagua vitu vinavyohamishika: SSD utaweza kuihamishia kwenye kompyuta ijayo, na mara nyingi kadi pia, RAM ya DDR3 huenda isihamie.

Wazazi, kaeni na vijana wenu wafanye vipimo hivi pamoja nanyi, kwani wao huenda wanaijua mashine zaidi yenu, nanyi mnaijua thamani ya shilingi zaidi yao. Vijana, msione haya kuuliza tarakimu ya mwisho ya jina la kifaa, wala kuomba kijaribiwe mbele ya macho yenu. Fedha ni yenu hadi dakika mnapoikabidhi. Basi pimeni kabla ya dakika hiyo.