Muhimbili, wodi inayofundisha

Hospitali ya Taifa Muhimbili, iliyopo Upanga, Dar es Salaam, hutibu na kufundisha kwa wakati mmoja, na hilo ndilo linalopanga siku ya kila anayefanya kazi hapo. Asili yake ni hospitali iliyojengwa mwaka 1897 kwa fedha za Sewa Haji, mfanyabiashara wa Bagamoyo mwenye asili ya India, ambaye jina lake bado limebaki kwenye jengo mojawapo la wodi. Mwaka 1956 ilipewa jina la Princess Margaret. Baada ya uhuru ikawa Muhimbili. Mafunzo ya udaktari yalianza 1963. Hospitali na kitivo cha tiba viliunganishwa 1976, vikaja kutenganishwa, na kitivo hicho ndicho leo Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS). Kwa hiyo madaktari bingwa wawili waliosimama kwenye kitanda kimoja huenda wakawa na waajiri tofauti, mmoja wa hospitali na mwingine mhadhiri wa chuo.

Ndugu wa mgonjwa walio ng'ambo hupenda kuuliza kwa simu, "Daktari wa mzee ni nani?" Mzee ana timu nzima. Chini yupo mwanafunzi, anayesomea udaktari kwa miaka mitano. Anafuata mtarajali, aliyehitimu na sasa yuko kwenye mwaka wa mazoezi, akizungushwa idara za magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto na uzazi. Juu yake yupo daktari anayesomea ubingwa, kisha bingwa mwenyewe. Bingwa ndiye mwenye uamuzi, lakini anayejua vipimo vya jana usiku vilisemaje ni mtarajali. Ndiye anayetoa damu, anayefuatilia majibu maabara na kuandika faili, mara nyingi baada ya zamu ya usiku isiyo na usingizi. Kazi yake inastahili heshima kubwa kuliko inayopewa.

Raundi ndiyo moyo wa kazi yenyewe. Mathalani, timu imefika kwa mgonjwa wa kisukari mwenye kidonda mguuni. Mwanafunzi anasoma historia ya ugonjwa. Bingwa anamkatiza, anamtaka aweke vidole viwili kwenye mgongo wa mguu na kutafuta mapigo ya damu. Yakipatikana, kidonda kina matumaini ya kupona. Yasipopatikana, mishipa ya damu lazima ichunguzwe kabla ya kukata chochote. Kisha mguu wa pili nao unapapaswa ili kulinganisha. Muuguzi anaongeza kwamba mgonjwa hakula usiku ingawa alichomwa insulini, habari inayobadilisha dozi ya asubuhi hiyo. Mjadala wote huendeshwa kwa Kiingereza huku mwenye mguu akisikiliza. Daktari mwema humgeukia, akamweleza kwa Kiswahili kilichoamuliwa na kumuuliza kama ameelewa. Asiyefanya hivyo ameacha nusu ya kazi, maana mgonjwa aliyekubali wanafunzi wamshike mguu ana haki ya kujua walichokiona.

Uzito wa kazi unatokana na ngazi za rufaa. Kutoka zahanati hadi kituo cha afya, wilaya, mkoa na kanda, wagonjwa walioshindikana huishia hapa, wengi wakiwa wamechelewa. Hivyo mwanafunzi huzoea kuona magonjwa yaliyokomaa, na vifo pia. Kila kifo kinachojadiliwa kwenye kikao cha idara huulizwa kilipoanzia: dawa, muda, au rufaa iliyokawia.

Anayefundisha naye hujifunza. Kwa mfano, upandikizaji wa kwanza wa figo hapo ulifanyika Novemba 2017, wataalamu wa Muhimbili wakishirikiana na wenzao kutoka India.

Kwa familia iliyo mbali, ni vyema ndugu mmoja aliye Dar awe msemaji, aende baada ya raundi na amwulize mtarajali kwanza. Likibaki swali la upasuaji au gharama kubwa, aombe miadi ya kuonana na bingwa, akiwa ameandika maswali ya familia nzima kwenye karatasi moja.